Karatasi ya Vipimo vya Damu: Isomwe kwa Umri, na Chanzo Kitafutwe



Somo la toleo hili limetokana na karatasi moja ndogo. Aliileta bibi mmoja wa kijiji cha jirani na Lulindi, mchana mmoja kamati ya diakonia ikiwa kwenye kikao. Mgongoni alikuwa amembeba mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka miwili na nusu. Mtoto alikuwa amepimwa damu asubuhi ile, na matokeo yalitolewa na mashine: mistari mingi ya herufi na tarakimu, na pembeni mwa baadhi ya mistari herufi H au L. H maana yake namba iko juu, L maana yake iko chini.

Mimi si mganga. Nilipoipokea karatasi, macho yangu yalikwenda kwenye mstari wa kwanza: chembe nyeupe 13.2, na pembeni herufi H. Nilikumbuka kusoma mahali kwamba chembe nyeupe zikizidi 11 kuna tatizo, na kwamba saratani ya damu huzipandisha. Nilishtuka, nikawaambia wenzangu. Kamati ikaanza kujadili nauli ya kumpeleka mtoto Dar es Salaam na jinsi ya kuchangisha Jumapili. Bibi aliketi kimya akimpepea mtoto. Alitueleza kuwa nyumbani walimwona amepauka, wakampa soda nyekundu iliyochanganywa na maziwa kwa siku kumi ili damu iongezeke.

Kabla ya kufunga mjadala nilimpigia simu muuguzi mmoja mstaafu, nikamsomea mstari ule.

"Mratibu, hizo nyeupe ziache," alisema. "Kwa mtoto wa umri huo ni sawa. Nisomee Hb."

"Hb ni 4.6."

"Anapumuaje?"

Nilimtazama. Mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka upesi upesi. "Anapumua haraka."

"Basi vunjeni kikao. Mpelekeni hospitali sasa hivi, na waende watu wazima wawili wanaoweza kutoa damu."

Tulifanya hivyo. Mtoto alikutwa na malaria kali pamoja na minyoo ya safura. Aliongezewa damu jioni ile, na wanakamati wawili walichangia kufidia chupa iliyotumika. Leo anacheza. Lakini mimi sikuisahau ile nusu saa tuliyoipoteza tukijadili namba isiyo na hatari, wakati namba ya hatari ilikuwa mistari michache chini yake. Mashine ilikuwa imewekewa viwango vya watu wazima, nasi hatukujua.

Ndiyo maana tumeona vema kuandaa somo hili. Halimfanyi mwanakamati kuwa tabibu. Linamsaidia ajue aulize nini, na ajue lini asingoje Jumapili.

KARATASI INAHESABU NINI?

Kipimo hiki madaktari wetu hukiandika kwa herufi FBP, na wananchi hukiita kupima wingi wa damu. Ndani yake kuna mambo makuu matatu.

Kwanza ni hemoglobini, inayoandikwa Hb. Hii ni rangi nyekundu iliyomo katika chembe nyekundu, nayo ndiyo inayobeba hewa safi kutoka mapafuni kwenda mwili mzima. Hupimwa kwa gramu katika desilita moja ya damu. Wazee wetu bado husema "damu asilimia 60"; hicho ni kipimo cha zamani, tusikichanganye na gramu za leo.

Pili ni chembe nyeupe, zinazoandikwa WBC. Hizi ni askari wa mwili. Zipo za aina kadhaa. Tutataja nyutrofili, limfosaiti na eosinofili.

Tatu ni chembe sahani, zinazoandikwa PLT. Kazi yake ni kuziba jeraha ili damu isiendelee kutoka.

Chembe nyeupe na chembe sahani huhesabiwa kwa maelfu katika maikrolita moja, yaani kitone kidogo sana cha damu. Kwa hiyo 13.2 kwenye mstari wa chembe nyeupe ni 13,200.

VIWANGO VYA HEMOGLOBINI KWA UMRI

Damu ya binadamu hubadilika kadiri anavyokua. Mtoto mchanga huzaliwa na damu nyingi, kati ya gramu 14 na 20 hivi, kwa sababu tumboni mwa mama hewa ni kidogo. Akishazaliwa anapumua mwenyewe, mwili unapunguza kutengeneza damu kwa muda, na afikapo miezi miwili au mitatu Hb yaweza kushuka hadi karibu gramu 10 bila ugonjwa wowote. Baadaye hupanda polepole.

Shirika la Afya Duniani lilipitia upya viwango vyake mwaka 2024. Mtu huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu iwapo Hb yake iko chini ya hapa:

- Mtoto wa miezi 6 hadi 23: gramu 10.5
- Mtoto wa miaka 2 hadi 4: gramu 11
- Mtoto wa miaka 5 hadi 11: gramu 11.5
- Kijana wa miaka 12 hadi 14: gramu 12
- Mwanamke wa miaka 15 na zaidi asiye mjamzito: gramu 12
- Mjamzito, miezi mitatu ya kwanza: gramu 11, miezi mitatu ya kati: 10.5, miezi mitatu ya mwisho: 11
- Mwanaume wa miaka 15 na zaidi: gramu 13

Mjamzito hushuka katikati kwa sababu maji ya damu huongezeka kuliko chembe. Si kosa la mama.

Upungufu huitwa mkali iwapo Hb ni chini ya 7 kwa mtoto wa chini ya miaka mitano au kwa mjamzito, na chini ya 8 kwa wengine. Namba ya namna hiyo haisubiri sadaka wala kikao. Mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wenzetu wanaoishi juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, wajue kuwa wataalamu huongeza kidogo kwenye viwango hivi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na mwili huhitaji damu zaidi.

DAMU IKIPUNGUA, IMEKWENDA WAPI?

Swali hili ndilo kiini cha somo. Damu hupungua kwa njia tatu: inatengenezwa kidogo, inavunjwa haraka, au inatoka. "Damu kidogo" si jina la ugonjwa. Ni kama mtungi unaopungua maji. Kabla ya kujaza tena, tafuta ufa.

Inatengenezwa kidogo pale chakula kinapokosa madini ya chuma au vitamini za kujenga damu. Mtoto anayeachishwa ziwa na kulishwa uji mtupu wa muhogo huingia hapa. Maradhi ya muda mrefu kama kifua kikuu, VVU na ugonjwa wa figo nayo huzuia damu kutengenezwa.

Inavunjwa haraka na malaria, ambayo huku kusini bado ni adui mkubwa, hasa kwa watoto wadogo na wajawazito. Inavunjwa pia na selimundu, ugonjwa wa kurithi. Mtoto mwenye selimundu mara nyingi huishi na Hb ya gramu 6 hadi 9 hata siku anapojisikia vizuri. Huyu asipewe dawa za madini ya chuma bila agizo la daktari; anahitaji kliniki yake, kinga dhidi ya malaria na uangalizi wa karibu anapopata homa.

Inatoka kwa njia ya hedhi nyingi, uzazi, vidonda vya tumbo, na minyoo ya safura inayojishikiza utumboni na kunyonya damu kila siku. Minyoo hiyo huingia kwa kupenya ngozi ya miguu kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Viatu vya mtoto na choo bora ni dawa ya damu, ingawa havionekani kwenye rafu za duka la dawa. Kichocho nacho humfanya mtoto akojoe damu.

Mashine husaidia kutafuta ufa huo kwa kupima ukubwa wa chembe nyekundu, mstari unaoandikwa MCV. Kwa mtu mzima ukubwa wa kawaida ni kati ya 80 na 100. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, 70 hadi 86 hivi. Chembe zikiwa ndogo, mara nyingi madini ya chuma yamepungua. Zikiwa kubwa, huenda vitamini ya B12 au ya foliki imepungua. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU nazo hukuza chembe.

Hb yaweza pia kuwa juu kupita kiasi. Aliyeharisha na kutapika hukauka maji, damu ikawa nzito na namba ikapanda. Uvutaji wa sigara na magonjwa ya mapafu au ya moyo nayo huipandisha.

CHEMBE NYEUPE

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Viwango vya kawaida ni takriban hivi, kwa maelfu:

- Mtoto mchanga: 9 hadi 30
- Mwezi mmoja: 5 hadi 19.5
- Mwaka mmoja: 6 hadi 17.5
- Miaka minne: 5.5 hadi 15.5
- Miaka kumi: 4.5 hadi 13.5
- Mtu mzima: 4 hadi 11

Kwa hiyo 13.2 ya mtoto yule ilikuwa ya kawaida. Katika watoto wadogo limfosaiti ndizo nyingi zaidi. Kuanzia miaka minne au mitano nyutrofili huzipita, na hubaki hivyo utu uzima.

Nyutrofili zikipanda, mara nyingi kuna maambukizi ya bakteria, kama nimonia au jipu. Eosinofili zikipanda, hasa kwetu, fikiria minyoo, kichocho, vijidudu vya matende na mabusha, pumu au mzio. Limfosaiti zikipungua, yaweza kuwa VVU au homa ya virusi. Saratani ya damu hupandisha chembe nyeupe sana, lakini kwa kawaida haiji peke yake: Hb na chembe sahani nazo huharibika, na mgonjwa huonekana kuwa anaumwa.

Jambo moja zaidi. Watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa wakiwa na nyutrofili chache kidogo kuliko zinazoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya na Marekani, nao ni wazima kabisa. Tafiti kwa watu wenye afya Mbeya na Kilimanjaro, zilizochapishwa mwaka 2008 na 2010, zilionyesha kuwa viwango vya kigeni havifai kuchukuliwa kama vilivyo. Mtu mwenye afya anayeambiwa "nyeupe zako ziko chini kidogo" asikate tamaa. Apimwe tena baada ya muda na amsikilize daktari.

CHEMBE SAHANI

Hizi hazibadiliki sana kwa umri: 150 hadi 450 elfu, mtoto kwa mkubwa. Huku kwetu sababu ya kawaida ya kushuka ni malaria, na hupanda zenyewe mgonjwa akipona. Homa ya dengi nayo huzishusha. Zikiwa chini sana, au mtu akitokwa damu puani au kwenye fizi bila kuumia, ni jambo la dharura. Upungufu wa madini ya chuma na maambukizi, kinyume chake, vyaweza kuzipandisha.

FUNZO LA MWAKA 1952

Lulindi ni jina la zamani katika tiba. Hapo palikuwa na hospitali ya misheni ya UMCA, alikofanya kazi Dk. Leader Stirling tangu miaka ya 1930, ambaye baadaye, mwaka 1975, aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Na ni katika pande hizi za Newala na Masasi, mwaka 1952 na 1953, ilipozuka homa ambayo haikuwa imetambuliwa na wataalamu. Watu walishikwa ghafla na maumivu makali ya viungo hata wakatembea wameinama. Wamakonde waliiita chikungunya, kwa maana ya kujikunja.

Ingekuwa rahisi kusema ni malaria. Watu wengi wa huku walikuwa na vijidudu vya malaria damuni hata bila kuugua sana, na darubini ingewaonyesha. Lakini Dk. Marion Robinson aliyewahudumia wagonjwa hao, na Dk. W. H. R. Lumsden aliyechunguza chanzo cha mlipuko, hawakuishia hapo. Waliwatazama wagonjwa, wakasikiliza jina walilolitoa wenyeji, wakaangalia na mazingira ya nyumbani. Uwanda hauna maji. Watu waliyateka mbali na kuyahifadhi mitunginini, na humo ndimo alimozaliana mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana. Kirusi chenyewe kilipatikana katika damu ya mgonjwa mwaka 1953, na makala za madaktari hao wawili zilichapishwa mwaka 1955. Leo jina la Kimakonde linatumika duniani kote, kuanzia India hadi Brazili.

Katika homa hiyo, limfosaiti hushuka siku za kwanza na chembe sahani zaweza kupungua kidogo, lakini Hb kwa kawaida haiporomoki kama katika malaria kali. Hata hivyo hesabu ya chembe peke yake haitaji jina la ugonjwa. Inasema tu: kuna jambo, endelea kutafuta. Malaria ina kipimo chake, selimundu ina chake, na minyoo ina chake.

KAMATI IFANYE NINI?

1. Karatasi ikija, ulizeni kwanza: mgonjwa ana umri gani? Je, ni mjamzito? Kisha someni Hb kabla ya kingine chochote.

2. Mtazameni mgonjwa, si karatasi tu. Weka kiganja cha mtoto kando ya cha kwako. Kikiwa cheupe, na akipumua haraka, amelegea, hanyonyi au amepata degedege, safari ianze hata kama hakuna karatasi.

3. Tengeni akiba ya nauli ya dharura inayoweza kutolewa na watu wawili bila kusubiri kikao. Marafiki wanaotuchangia wajue kuwa nauli ya pikipiki iliyotoka kwa wakati yaweza kuokoa kilicho kikubwa kuliko fedha nyingi zilizochelewa.

4. Ulizeni chanzo. Mgonjwa akirudi na vidonge vya kuongeza damu tu, mhimizeni aulize: imepungua kwa nini? Na vidonge vimezwe hadi mwisho, kwa kawaida miezi mitatu, ingawa nguvu hurudi mapema.

5. Fundisheni chakula cha hapa hapa: maini, dagaa, mbaazi, kunde, kisamvu na majani ya maboga. Embe, ubuyu au bibo pamoja na mlo husaidia mwili kupokea madini ya chuma; chai pamoja na mlo huyazuia. Soda nyekundu haina damu ndani yake. Hata hivyo chakula hujenga polepole. Hakimwokoi mtoto mwenye gramu 4.

6. Andaeni wachangia damu kabla ya shida. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004 na una kituo cha kanda Mtwara. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na Hb isiyopungua 12.5. Mwanaume aweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Damu haiuzwi.

MASWALI YA KUJADILI

- Katika usharika wetu, nani anashika akiba ya dharura, na anapatikana usiku?
- Tuna wachangia damu wangapi wanaojulikana kwa majina?
- Ni kaya ngapi za mtaa wetu hazina choo bora, na watoto wangapi hawana viatu?
- Maji tunayoyahifadhi nyumbani yamefunikwa?

Yule bibi alirudi ofisini wiki kadhaa baadaye, na karatasi mpya mkononi. Hb ilikuwa 9.8. "Mwanangu," aliniuliza, "sasa imetosha?" Nilitazama umri kwanza, kisha nikamjibu kuwa bado kidogo: kwa umri wa mjukuu wake inatakiwa ifike 11. Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasema atarudi kliniki mwezi ujao.